Kipande Kisichokatwa

Mkunga alijua mambo yameharibika pale Fundi alipoingia ndani na viatu vyake.

Siku zote Fundi alivivua mlangoni, akaingia na soksi iliyotoboka kidole gumba, akajitupa kwenye kochi kama mwenye nyumba na kuuliza jikoni kumepikwa nini. Jumamosi hiyo alasiri alisimama katikati ya chumba, boksi mikononi, jasho likimtiririka shingoni, macho yake yakitafuta pa kutua na yasipaone.

"Karibu kiti," Mkunga akamwambia huku akicheka. "Au leo umekuja kama mgeni?"

"Nimekuletea vifaa."

"Vifaa gani?"

"Vyote. Maikrofoni, waya, hedifoni. Nimevisafisha."

"Si huwa vinakaa kwako kibandani?"

"Vitakaa hapa sasa," akasema Fundi, akaliweka boksi mezani taratibu kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia.

Kicheko kilimkauka Mkunga mdomoni.

Walikuwa wamejuana kwa sababu ya redio. Redio ya wodi ya wazazi ilidondoka kwenye ndoo ya maji, naye akatumwa aipeleke kwa fundi wa spika aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko. Fundi alimuuliza ilikuwaje ikaingia ndooni, na Mkunga akamsimulia: mzazi aliyekuwa akirusha kila kitu kilicho karibu, mumewe aliyezimia kabla hata mtoto hajaonekana, manesi waliokimbia wasijue wamshike nani kati ya wawili hao. Fundi alicheka mpaka akazima kifaa chake cha kulehemu asije akajiunguza.

"Dada, sauti hiyo unaimaliza bure kwa kupigia watu kelele wasukume," alimwambia. "Anzisha podikasti."

"Podikasti ndiyo nini?"

"Ni redio, ila haina bosi. Watu wanakusikiliza kwenye simu zao, saa wanayotaka wao."

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kipindi cha *Mama Mpya*. Mkunga alizungumza na wanawake waliokuwa wakibeba mimba ya kwanza, akiwaeleza uchungu ulivyo, maziwa yanapogoma kutoka, machozi yanayokuja bila sababu. Fundi alirekodi, akahariri, akakipeleka hewani. Yeye mwenyewe hakuwahi kusema hata neno moja mle. Na kila aliporekodi alimwambia, "Sogea kidogo. Sogea tena kidogo," mpaka siku moja hapakubaki pa kusogea, wakajikuta wanatazamana pua kwa pua, hakuna aliyecheka.

Sasa alikuwa anafungua boksi bila kumtazama.

"Leo utafanya kila kitu mwenyewe. Mimi nitakaa pembeni."

"Unasafiri?"

"Mtu lazima ajitegemee, Mkunga. Kipindi ni chako. Njoo hapa. Kabla hujagusa chochote, kisikilize chumba. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Funga macho."

Alifunga. Polepole nyumba ikaanza kusema: friji ikinguruma, bomba la jirani likidondosha tone baada ya tone, mtu akigongelea misumari upande wa pili. Na karibu zaidi, pumzi za Fundi, zikienda haraka kuliko za mtu aliyesimama tu.

"Friji," akasema.

"Izime. Na funguo zako za nyumba ziweke ndani ya friji."

"Za nini tena?"

"Ukimaliza utataka kutoka, utazitafuta, utakumbuka kuiwasha. Mimi niliozesha nyama ya mama wiki nzima kabla sijapata akili hiyo."

Alipotaja mama, uso wake ulijikunja, akageukia kabati haraka. Akaifungua milango yote miwili. "Kaa ukilielekea hili. Nguo zinakula mwangwi. Usimsikilize mtu atakayekwambia ununue hiki na kile; maikrofoni moja nzuri na kabati la nguo vinatosha kuanzia. Mwangwi ni kama chumvi iliyozidi, ukishaingia hakuna kompyuta itakayoutoa."

Mkunga akakaa, magauni yake yakimgusa paji la uso. Fundi akamwekea maikrofoni.

"Upana wa kiganja kutoka mdomoni. Na isikuelekee moja kwa moja, iwe pembeni kidogo, la sivyo kila 'p' itapiga kama teke." Akanyoosha mkono akishike kidevu chake na kukigeuza, kama alivyofanya mara zote. Vidole vilifika karibu kabisa, Mkunga akahisi joto lake. Kisha vikarudi nyuma, vikaingia mfukoni.

Mkunga akakigeuza kidevu mwenyewe.

"Bonyeza hapo. Taa nyekundu ikiwaka, inarekodi. Haya, anza."

"Habari zenu wapenzi wasikilizaji wetu popote pale mlipo, karibuni sana tena katika kipindi chenu..."

"Hapana."

"Nimekosea nini? Hata adabu ya salamu?"

"Huyo anayekusikiliza anaosha vyombo, mtoto analia mgongoni. Ukimzungusha na salamu atakuhama. Mpe kisa kwanza, salamu zitafuata. Na usiseme 'nyinyi'. Sema 'wewe'. Hata wakiwa umati, kila mmoja anakusikiliza akiwa peke yake."

"Mbona hujawahi kuniambia hayo?"

"Nilikuwa nayakata mimi, nikimaliza sikwambii."

Walitazamana, na kwa kitambo kidogo wakawa wale wa zamani. Mkunga akampiga begani kwa khanga, Fundi akajifanya ameumia. Kisha kicheko kikawafia mikononi.

Akaendelea kufundisha, maneno yakimtoka mfululizo kama mtu anayeogopa kunyamaza. Achague siku moja ya kutoa kipindi na aishike hiyo hiyo. Bora kimoja kwa wiki kila wiki kuliko vitano kwa mpigo kisha kimya cha mwezi.

"Watu wakikuzoea, halafu ukapotea ghafla, wanaumia," akasema.

"Eeh?" Mkunga akamwuliza. "Wanaumia?"

Fundi akainamia waya uliokuwa hauna tatizo lolote.

"Na nikimwalika mgeni," akaendelea Mkunga polepole, "ambaye ana jambo moyoni na hataki kulisema. Nifanyeje?"

"Muulize swali fupi. Halafu unyamaze. Kimya kitakuuma, utatamani kumsaidia, usimsaidie. La moyoni hutoka baada ya kimya."

Mkunga akazigeuza hedifoni mikononi. "Unaniacha?"

Akanyamaza.

Jirani aligongelea misumari, akaacha. Fundi alifungua mdomo, akaufunga. Mkunga hakumsaidia. Alikaa ameshika hedifoni, akimtazama mwanamume aliyempenda akitafuta njia ya kutokea na asiione.

"Mama amekisikia kile kipindi," Fundi akasema mwishowe.

Mkunga hakuwa na haja ya kuuliza kipi. Ni kile alichosimulia habari zake mwenyewe: mimba yake ya kwanza na ya mwisho, alipokuwa msichana mwanafunzi wa ukunga, damu isiyokata, daktari aliyemtoa kizazi ili asimpoteze na yeye. Alisema yote kwa mara ya kwanza, na alipomaliza Fundi alivua hedifoni, macho mekundu, akauliza, "Kipande hiki, nikikate?" Fundi alikuwa anayajua hayo zamani. Alishamwambia, "Nimekupenda wewe, sikupenda tumbo." Mkunga akafikiri, akasema kiachwe. Kikatoka, kikaenda simu kwa simu, wanawake wasiomjua wakamwandikia wakilia.

"Alikipata kwa jirani," Fundi akasema. "Alikisikiliza mpaka mwisho. Alilia, Mkunga, naapa alilia. Halafu akafuta machozi akasema, 'Maskini binti wa watu. Lakini si kwa mwanangu wa pekee.'"

"Ndiyo ukaleta boksi."

"Amegoma kula. Unajua presha yake."

"Naijua. Ni mimi niliyempima, hapo hapo kwenye kochi. Akaniita mkwe." Sauti yake haikupanda. Alitamani ipande. "Na wewe umesemaje?"

"Kesho wanakwenda kuposa. Ni binti wa rafiki yake."

"Sijauliza wao. Nimekuuliza wewe."

"Nimekubali."

Neno lile lilimwingia Mkunga kama maji baridi kifuani. Akashika ukingo wa kabati. Nguo zikayumba kwenye vibanio vyake.

"Ningekikata kile kipande," Fundi akasema huku akilia. "Mkono wangu ulikuwa pale pale kwenye kitufe. Ningekikata tu, mama asingejua..."

"Ningeolewa kwa uongo, siyo? Halafu mwaka wa pili, wa tatu, mama yako anahesabu miezi, mimi namwambia Mungu hajajalia. Ulitaka hivyo?"

"Nilitaka wewe!"

"Basi nichukue."

Fundi akapiga magoti pale pale, akaishika mikono yake. "Niambie nikatae. Sema tu. Neno moja, nakwenda sasa hivi nawaambia harusi hakuna."

Neno lilikuwa limefika ulimini. Kataa. Lilikuwa fupi, tamu, na mwili wake mzima ulitaka kulitoa. Lakini aliona mbele: kila mama mkwe atakapoguna, Fundi atageuka kumtazama yeye. Kila mtoto wa jirani atakapopita akikimbia, itakuwa ni yeye aliyesema. Mzigo ule Fundi alikuwa hautaki. Alikuja autue kichwani mwa Mkunga.

"Neno hilo si la kusema hapa, mpenzi wangu," akamwambia, akamfuta machozi kwa kiganja. "Ungelisema kule, mbele ya mama yako. Halafu ungekuja hapa ukavua viatu mlangoni, mimi nisijue hata kama kulikuwa na vita."

Fundi aliinamisha kichwa mapajani mwake, akalia kwa kwikwi. Mkunga alikishika kichwa kile, akakibembeleza kama anavyowabembeleza wanawake wenye uchungu, mpaka kwikwi zikapungua. Kisha akamwinua.

"Nenda. Usije ukachelewa kwa mama yako."

"Hutaacha kipindi?"

"Nenda, Fundi."

Alipofunga mlango ndipo alipoiona taa nyekundu. Ilikuwa inawaka bado. Mashine ilikuwa imechukua kila kitu, "nimekubali" na kwikwi zote. Akakaa mbele yake. Kusikia vile tena, hapana, asingeweza. Akafuta.

Ilipokwisha kufutika ndipo akili ikamjia. Muda wote ule waliofanya kazi pamoja, Fundi hakuwahi kusema kitu kwenye maikrofoni. Ile ndiyo ilikuwa rekodi pekee ya sauti yake duniani. Mkunga akaangukia kochi, akauma khanga, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Kipindi hakikutoka wiki ile. Kilitoka iliyofuata, kibaya, friji ikinguruma mwanzo hadi mwisho. Cha baada yake kilikuwa afadhali. Alijifunza kukata pumzi ndefu, kukata "yaani" zisizo na kazi, kukipa kila kipindi kichwa kinachosema wazi kuna nini ndani, kuhifadhi nakala mahali pawili. Watu walimpongeza. "Siku hizi kina uzito fulani," nesi mwenzake alimwambia. Mkunga akasema asante.

Harusi ya Fundi alisimuliwa. Hakuuliza gauni lilikuwa la rangi gani.

Kisha asubuhi moja, zamu yake ikiwa ndiyo kwanza imeanza, aliletwa binti mdogo wa umbo, tumbo limemshuka, akishikiliwa mkono na mama wa makamo mwenye begi. Mkunga akamtambua yule mama kabla hajainua uso.

"Shikamoo, mama."

Begi likamponyoka yule mama. "Mara... marahaba, mwanangu."

"Mama!" Binti akaropoka katikati ya uchungu, macho yakimng'aa. "Si yule wa kwenye simu! Hiyo sauti! Dada, ni wewe wa *Mama Mpya*? Mungu wangu! Nimeanza kukusikiliza juzi juzi tu mimba ilipokuwa kubwa, sijawahi kupitwa!"

"Ni mimi, mdogo wangu. Panda kitandani."

"Mume wangu ni fundi wa spika, lakini kipindi chako hataki hata kukisikia. Nikikifungua anatoka nje. Sijui kimemkosea nini."

Mkunga alikuwa anavaa glavu. Alizivuta vizuri, kidole kwa kidole.

"Wanaume wengine wanaogopa mambo ya uzazi," akasema.

Alipotoka kuchukua vifaa, mama mkwe alimdaka mkono koridoni. Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla. "Mwanangu, yule hana kosa. Wala mtoto. Kama kuna kisasi, kiwe changu."

Ilimuuma kuliko yote yaliyotangulia, kwamba mwanamke aliyewahi kumwita mkwe alimdhania hivyo. "Mama," akamjibu, "mle ndani sina adui. Niachie mkono nikafanye kazi."

Kazi haikuwa nyepesi. Binti alisukuma mpaka akaishiwa, akimwita Mkunga "dada, dada", na Mkunga akampa mkono wake auminye. Mtoto alitoka akiwa amelegea, kitovu kimemzunguka shingo, kimya. Mkunga alikitoa kitovu, akamsugua mgongo, akamfuta, akamsugua tena. Kimya. Akamlaza, akambana kinyago kidogo usoni, akaanza kumpa pumzi kwa mfuko wa hewa, taratibu, akihesabu kimoyomoyo.

"Mbona halii?" binti akauliza. "Dada, mbona halii?"

"Atalia."

Alikuwa hajui. Alibinya, akaachia, akabinya, na ndani ya kichwa chake hapakuwa na Fundi, wala posa, wala mama mkwe. Palikuwa na kifua kidogo kisichozidi kiganja, na tamaa moja tu, kiinuke. Kikainuka. Mtoto akakunja uso, akakohoa, akaachia kilio kilichosikika mpaka nje ya wodi. Huko koridoni mtu alianguka sakafuni akimshukuru Mungu kwa sauti.

Fundi alifika mbio wakati mama na mtoto wameshasafishwa. Alisimama mlangoni. Alikuwa amekonda. Mkunga alimwona akiwaangalia kwa zamu, mkewe, mtoto, yeye, na kwake yeye macho yakakwama.

"Njoo umpokee," Mkunga akasema. "Shika kichwa. Hivyo hivyo."

Alimweka mtoto mikononi mwake. Vidole vyao viligusana chini ya blanketi, kidogo tu.

Binti alikuwa amelala, nywele zimemganda usoni, anatabasamu kwa uchovu. Alimshika Mkunga mkono. "Dada, na wewe una watoto wangapi?"

Mama mkwe, aliyekuwa anakunja nguo pembeni, aliacha kukunja.

"Sina, mdogo wangu. Nilitolewa kizazi nikiwa msichana."

"Jamani! Pole, dada." Machozi yakamlenga binti. "Na mume je?"

"Alikuwepo wa kunioa. Aliondoka."

"Kwa ajili hiyo?"

"Kwa ajili hiyo."

"Basi hakuwa anakupenda huyo," binti akasema kwa hasira ya mtu aliyepata dada muda huo huo. "Angekupenda asingeondoka."

Mkunga alimfunika shuka mpaka kifuani, akalichomeka pembeni. Alimtazama binti, hakumtazama mwingine.

"Alinipenda sana," akasema. "Ila kupenda peke yake hakukumtosha."

Fundi aliuinamisha uso wake kwenye blanketi la mtoto. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Ona, mama," binti akacheka kwa upole, akimwonyesha mama mkwe kwa kidole. "Ona baba mtoto anavyolia kwa furaha."

Mama mkwe hakuinua macho. Mkunga alikuwa ameshavuka mlango, akivua glavu, akiitika sauti ya mwanamke mwingine aliyekuwa akimwita kutoka chumba cha pili.